Mwalimu Nyerere na Kazi ya Kujitolea: Tunachojifunza kwa Mzawa wa Butiama



Katika kijitabu cha harambee cha mwaka huu tumetenga kurasa hizi kwa maisha ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Habari zake nyingi tunazijua tangu shuleni: Uhuru, Muungano, Azimio la Arusha. Hapa tunafuata jambo moja tu katika maisha yake, nalo ni jambo lililo mezani petu kila tunapokutana kuchangishana: wananchi wafanye nini wenyewe, Serikali ifanye nini, na nani aamue. Mwalimu alilishughulikia swali hilo kwa zaidi ya miaka 40. Mara nyingi alipatia, na mara nyingine alikosea, akasema wazi kwamba amekosea. Sisi tulio wa nyumbani kwake tuna haki ya kuzisema pande zote mbili, na tuna faida ya kupata kwa kuzisema.

Mtoto wa Butiama

Kambarage alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki na Mama Mgaya wa Nyang'ombe. Jina la Kambarage alipewa kwa sababu ya mvua iliyonyesha siku hiyo, na ni jina la mzimu wa mvua. Baba alikuwa chifu mwenye wake wengi, lakini maisha ya mtoto hayakuwa ya ikulu. Alichunga mifugo na kulima na mama yake kama watoto wengine wa Uzanaki.

Uchifu wenyewe ulikuwa mgeni kwetu. Kabla ya Wajerumani, Wazanaki hawakuwa na mtawala mmoja; mambo yaliamuliwa na wazee na wakuu wa koo, watu wakikaa na kuzungumza mpaka wakubaliane. Kazi kubwa kama kulima, kuvuna na kujenga zilifanywa kwa ujima: mwenye shamba anaalika, jirani wanakuja na majembe, na zamu yao ikifika naye anakwenda. Hakuna aliyelipwa, lakini pia hakuna aliyelala nyumbani huku wenzake wakitoka jasho. Mwalimu alipokuja kuandika juu ya ujamaa, mfano wake wa kwanza ulikuwa huo alioukuta nyumbani. Alipenda pia kuwakumbusha watu methali ya mgeni anayekirimiwa siku mbili na ya tatu akapewa jembe.

Alianza shule akiwa na umri wa miaka 12, mwaka 1934, katika shule ya bweni ya Mwisenge mjini Musoma, zaidi ya kilomita 40 kutoka nyumbani. Mwaka 1937 alikwenda Tabora, kisha Makerere mwaka 1943, ambako alisomea ualimu hadi 1945. Akiwa Makerere yeye na wenzake wa Tanganyika waliunda chama chao cha wanafunzi cha kushughulikia maslahi ya Watanganyika, ambacho baadaye kiliungana na TAA. Alirudi Tabora kufundisha katika shule ya St. Mary's, na mwaka 1949 akaenda Edinburgh, Uskoti, akarudi mwaka 1952 na shahada yake.

Wazee wetu walikuwa wakisimulia yaliyofuata. Msomi huyo aliyetoka Ulaya alirudi Butiama, akajenga nyumba ya matofali ya udongo kwa ajili ya kumuoa Mama Maria Magige, na kazi hiyo aliifanya kwa mikono yake. Watu walishangaa. Walizoea kuona kwamba mtu akishasoma hagusi udongo tena; anasimama kando na kuwaelekeza wengine. Ndoa ilifungwa Januari 1953, na Mwalimu akaenda kufundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam.

Chama kilichojengwa kwa michango

TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954, na ilijengwa na watu wasiolipwa. Makatibu wa matawi walikuwa na kazi zao nyingine. Wanawake wa Dar es Salaam wakiongozwa na Bibi Titi Mohamed walikwenda nyumba kwa nyumba kuandikisha wanachama. Mwalimu alipotakiwa kwenda New York mwaka 1955 kusema mbele ya Umoja wa Mataifa, nauli ilipatikana kwa michango. Aliporudi aliambiwa achague kati ya siasa na ualimu, akaacha mshahara wa Pugu. Baadaye mwaka huohuo alikuwa nyumbani Musoma kwa miezi kadhaa, akijipatia riziki kwa kumfundisha padri mmoja Kizanaki na kutafsiri maandiko ya dini.

Michango hiyo ya watu haikuishia kwenye safari na mikutano. Mwaka 1955 wazazi waliunda TAPA, jumuiya iliyofungua shule zake pale ambapo Serikali ya kikoloni na misheni hazikufika. Chuo cha Kivukoni kilichofunguliwa mwaka 1961 kilianzishwa na TANU kwa msaada wa michango ya wananchi. Na Chuo Kikuu chetu cha kwanza kilipofungua milango yake Oktoba 1961, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, hakikuwa na jengo. Kilianzia katika jengo jipya la TANU pale Mtaa wa Lumumba, ambalo wanachama walikuwa wamelichangia. Vijana wetu wanaokwenda Mlimani leo wajue kwamba chuo hicho kilianza katika jengo lililojengwa kwa fedha za wakulima na wachuuzi, ambao wengi wao hawakuwahi kuingia darasani.

Uhuru na Kazi

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Wiki sita baadaye, tarehe 22 Januari 1962, Mwalimu alijiuzulu Uwaziri Mkuu, akamwachia Ndugu Rashidi Kawawa, naye akaenda vijijini kukijenga upya chama. Aliona kwamba chama kilichoundwa kudai Uhuru kinaweza kukosa la kufanya baada ya kuupata. Maadui walikuwa wametajwa, yaani ujinga, maradhi na umaskini, na Serikali haikuwa na fedha ya kuwapiga.

Ndipo ikaja kampeni ya kujitolea na ya kujenga taifa. Nchi nzima watu walitoka na majembe, mashoka na karai. Walitengeneza barabara, walichimba visima, walijenga madarasa, zahanati na nyumba za walimu. Serikali iliunda kamati za maendeleo za vijiji ili watu wapange wenyewe, na maofisa wa Maendeleo ya Jamii wakatumwa kusaidia. Tukumbuke kwamba mkoloni naye alikuwa akiwatoa watu kwenda kutengeneza barabara, kwa lazima na kwa faini. Kazi ni ileile. Tofauti ilikuwa kwamba safari hii watu walichagua kazi yao, na matunda yake yalikuwa yao.

Miaka hiyohiyo ilifundisha somo la kwanza gumu. Wananchi walijenga haraka kuliko Serikali ilivyoweza kuwafuata. Madarasa yalisimama bila mwalimu. Zahanati zilikamilika, dawa hazikuja. Mahali pengine watu walijenga bila kumuuliza mtu, na mahali pengine waliahidiwa na wanasiasa vitu ambavyo havikuwa kwenye bajeti yoyote. Mtu aliyebeba mawe wiki nzima, kisha akaona jengo lake limekuwa zizi la mbuzi, hatoki tena ukimwita. Ikabidi Serikali ianze kusema kwamba mradi upangwe pamoja na wilaya kabla msingi haujachimbwa, ili mwalimu na mganga wawe wamehesabiwa. Ndugu zetu, mwenye kupita vijijini leo na kuyaona maboma ya madarasa yasiyo na paa anajua kwamba somo hilo halijapitwa na wakati.

Mwalimu aliwataka viongozi nao wajinyime. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yalikuwa na makato ya mshahara. Karibu wanafunzi 400 walirudishwa makwao. Lakini Mwalimu hakuishia hapo: alikubali kwamba mishahara ya wakubwa ilikuwa mikubwa mno, akapunguza wake kwa asilimia 20, na ya mawaziri pia. Alijua kwamba huwezi kumwomba mkulima atoe siku zake mbili bila malipo huku wewe unayemwomba hutoi kitu.

Litowa na vijana wa Ruvuma

Tuende kidogo mbali na Mara, kwa sababu habari hii haielezeki bila Songea. Mwaka 1960, kabla ya Uhuru, kikundi cha vijana wa TANU Youth League kilianzisha makazi mahali paitwapo Litowa. Walilima pamoja na kugawana walichopata, na kila jambo waliliamua katika mkutano wa wote. Vijiji vingine vikafuata, vikaunda umoja wao wa maendeleo wa Ruvuma. Umoja huo ulikuwa na mashine ya kusagia nafaka na shule ya aina yake iliyofundisha watoto maisha ya kijiji. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ulikuwa na vijiji zaidi ya 15. Hakuna aliyelazimishwa kujiunga, na hakuna ofisa aliyeuendesha.

Mwalimu alikwenda kuwaona na aliwapenda. Maandiko yake ya mwaka 1967 juu ya elimu ya kujitegemea na ujamaa vijijini yanaonyesha wazi kwamba alijifunza kutoka kwao. Humo alieleza kwamba vijiji vya ujamaa vitaundwa na watu wenyewe kwa hiari, na kwamba kumlazimisha mtu ni kuharibu kitu chenyewe. Mwaka 1968 alirudia fundisho hilo: maendeleo ya watu huletwa na watu wenyewe, na kazi ya kiongozi ni kueleza, kusaidia na kutangulia kufanya.

Hata hivyo, Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliuvunja umoja wa Ruvuma na mali zake zikachukuliwa. Viongozi wengi wa mkoa na wa chama hawakupendezwa na wanavijiji waliojisimamia, waliokuwa na fedha zao na waliothubutu kusema hapana. Mwalimu ndiye aliyekuwa Rais wa chama hicho. Uamuzi ukatoka, na kile kilichokuwa mfano hai wa maneno yake kikafa katika mikono ya chama chake.

Watu walipofundishana

Tusiishie kwenye huzuni ya Litowa, kwa sababu miaka iliyofuata ilileta mambo ambayo mikoa yetu ya Ziwa inayakumbuka vizuri. Kuanzia mwaka 1968 mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO, ulifanywa katika mikoa ya Ziwa, na Mara ilikuwamo. Vitabu vyake vilifundisha kusoma kwa kutumia kazi za watu: kilimo cha pamba, ufugaji wa ng'ombe, uvuvi, migomba, malezi ya nyumbani. Bibi aliyejifunza kuandika jina lake alijifunza pia kusoma mizani ya pamba yake mwenyewe.

Mwalimu aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni ya kufuta ujinga ikafuata. Walimu wake wengi hawakuwa walimu wa kuajiriwa. Walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba, makarani, wakulima waliojua kusoma. Walifundisha jioni chini ya miti, makanisani na misikitini, kwa posho ndogo au bila chochote. Wakati wa Uhuru watu wazima wengi sana hawakujua kusoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliobaki bila kujua walikuwa karibu mmoja kati ya watano. Hakuna hazina ya Serikali ambayo ingeweza kuwalipa walimu wote hao.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya hapo kijijini. Walichimba vyoo, walifyeka vichaka, walifukia madimbwi ya mbu, walisafisha visima. Wengi wetu tulikulia katika nyumba ambazo choo chake cha kwanza kilichimbwa mwaka huo. Ukitazama sababu ya kampeni hiyo kufanikiwa, utaona kwamba kila upande ulifanya sehemu yake. Serikali ilitoa redio, vitabu na wataalamu. Kikundi kilitoa mikono na kilikuwa na nafasi ya kuamua.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini kwetu na kupitisha Azimio la Musoma. Lengo la elimu ya msingi kwa kila mtoto, ambalo lilikuwa limepangwa kufikiwa mwaka 1989, lilivutwa hadi 1977. Wananchi wakajenga madarasa, na vijana waliomaliza darasa la saba wakapewa mafunzo ya ualimu wakiwa kazini. Madarasa yalijaa kupita kiasi, vitabu vilikuwa haba, na walimu wengi walikuwa wachanga. Hayo yote ni kweli. Ni kweli pia kwamba watoto wa kike wengi wa Mara waliingia darasani kwa mara ya kwanza katika historia ya familia zao.

Pale hiari ilipogeuka amri

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo wazee wetu huieleza kwa sauti ya chini. Mwishoni mwa mwaka 1973 Mwalimu alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Yaliyokuwa mashauri yakawa agizo, na agizo likawa operesheni. Mamilioni ya watu walihamishwa nchini, na mkoa wetu haukuachwa. Watu waliondolewa kwenye maboma ya babu zao, karibu na makaburi na mashamba yenye mbolea ya ng'ombe, wakapelekwa kwenye mistari ya viwanja. Mahali pengine nyumba zilichomwa au kubomolewa ili watu wasirudi. Uhamisho huo ulikutana na ukame, na mwaka 1974 na 1975 nchi ilikosa chakula.

Vijiji hivyo vilisaidia kufikisha shule, zahanati na maji kwa watu wengi, na wapo wanaovisifu kwa hilo. Lakini watu walijifunza pia kungoja. Aliyehamishwa bila kuulizwa alianza kuiona shule ya kijiji kuwa shule ya Serikali, na kisima kuwa cha Serikali, na pampu ikiharibika hungoja Serikali.

Na vyombo ambavyo watu walivizoea viliondolewa. Mwaka 1972 mfumo wa Madaraka Mikoani ulivunja halmashauri za wilaya zilizochaguliwa na wananchi. Nia ilikuwa kuwapelekea wananchi madaraka kutoka Dar es Salaam. Yaliyofika mikoani na wilayani yalikuwa mikononi mwa wakurugenzi wa kuteuliwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, vikiwemo vile vya wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, ambavyo vilianza kwa michango ya wakulima wenyewe tangu wakati wa mkoloni. Vilikuwa na kasoro zake, na wizi ulikuwapo. Lakini mkulima aliyeibiwa na katibu wa chama chake aliweza kumwondoa mkutanoni. Aliyecheleweshewa malipo na mamlaka ya pamba hakuwa na mkutano wa kwenda.

Aliyejisahihisha

Mwaka 1962 Mwalimu alikuwa ameandika kijitabu kiitwacho Tujisahihishe, akiwataka wanachama wa TANU wakubali makosa yao bila kuyapaka rangi. Miaka ya 1980 somo hilo lilimrudia mwenyewe. Sheria za mwaka 1982 zilirudisha serikali za mitaa na ushirika, na halmashauri zikaanza kazi tena mwaka 1984. Akiwa bado Rais, Mwalimu alikiri hadharani kwamba kuvunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika kulikuwa kosa. Wachache ni watawala waliosema hivyo wakiwa bado madarakani, na wachache zaidi waliorudisha walichokivunja.

Sheria hizo za serikali za mitaa za mwaka 1982 ndizo tunazoishi nazo mpaka leo, pamoja na marekebisho yake. Ndizo zilizoupa Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani watu wazima wote wa kijiji, mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji.

Mwaka 1985 alistaafu urais kwa hiari, na baada ya kuacha uenyekiti wa chama mwaka 1990 alikuwa Butiama muda mwingi zaidi, ingawa dunia iliendelea kumwita: Tume ya Kusini, kisha usuluhishi wa Burundi. Alipokuwa nyumbani alilima. Wageni waliokuja kumtafuta walielekezwa shambani. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akarudishwa Butiama na kuzikwa Mwitongo, karibu na wazazi wake.

Yanayotuhusu sisi

Leo Serikali inapozungumza juu ya nguvu za wananchi, inarudia mpango tunaoujua: wananchi wachimbe msingi na kupandisha kuta, halmashauri ilete bati, walimu na waganga. Shule nyingi za kata zilijengwa hivyo. Mpango huo ni mzuri pale kila upande unapotimiza sehemu yake. Upande mmoja ukichelewa, tunabaki na maboma.

Umoja wetu ni sehemu ya mpango huo, na maisha ya Mwalimu yanatuachia mambo matatu ya kuyafanyia kazi.

Kwanza, tusianze jengo kabla ya kukubaliana na halmashauri ni nani atalikamilisha na ni nani atafanya kazi ndani yake. Hilo ni somo la 1962, na tulilipie mara moja tu.

Pili, wanaobeba mawe waamue jengo lisimame wapi. Sisi tulio Dar es Salaam, Mwanza na ng'ambo tuna fedha kidogo, na mwenye fedha hupata kishawishi cha kuagiza kwa simu. Tukifanya hivyo tutakuwa tumeanzisha operesheni yetu ndogo. Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaopanga. Sisi tunachangia na kushauri.

Tatu, mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu na kubandikwa pale mtu wa kawaida anapoweza kuyasoma. Watu wetu hawachoki kutoa. Wanachoka kutojua.

Fomu ya ahadi iko mwishoni mwa kijitabu hiki. Asiye na fedha aandike siku atakazotoa, au ujuzi wake: fundi, nesi, mhasibu, mwalimu mstaafu, wote tunawahitaji. Viongozi wa umoja wameombwa wajaze fomu zao kwanza, kabla ya kumwomba mtu mwingine yeyote.

Tunawakaribisha nyote kwenye harambee ya mwaka huu. Karibuni nyumbani.